Wajukuu wa Maji Safi

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, ambaye anajua bila kuandika, nafungua daftari hili nikiwa na umri wa miaka sabini na mmoja, ilhali nilidhani nimekwisha kuweka kalamu chini. Binti wa marehemu mdogo wangu, aliye mkuu wa kituo cha utafiti wa samaki, alikuja nyumbani juzi kuniomba nimwandikie hesabu zake.

"Baba mkubwa," alisema, "nataka mtu mwenye hati nzuri, asiyechoka kuhesabu, asiyejua kusema uongo."

Mke wangu akadakia kutoka jikoni: "Kuhesabu anajua. Miaka arobaini kahesabu watoto wa madrasa na hakuna aliyemtoroka. Ila mwambie mapema kwamba kazini kwako hakuna viboko."

Leo nimekwenda. Kituo ni vyumba vitatu nyuma ya hori, ule mkono wa bahari unaoingia hadi chini ya bohari la mafuta. Chumba cha kwanza kina meza, sinki lenye ufa, na hadubini iliyofunikwa foronya ya mto. Viwili vilivyobaki vimejaa matangi ya vioo, na milango yake inatazama pande tofauti.

Jambo lenyewe ni hili. Miaka miwili iliyopita bomba la bohari lilipasuka, likamwaga mafuta horini kwa siku kumi na tisa. Lilizibwa, lakini hadi leo bomba la pili humwaga humo maji ya kuoshea matangi pamoja na dawa zake. Mwezi wa Juni baraza la mazingira litaketi kuamua kama bomba hilo lifungwe au lipewe kibali kipya. Wenye bohari wanasema bahari hujisafisha, na kilichokufa kimekufa. Binti huyu wa ndugu yangu, nami namwita mwanangu, anasema sumu imetoka majini ikaingia katika nasaba.

Ushahidi wake ni samaki wadogo, hawazidi kidole changu cha mwisho, na hakuna anayewavua kwa kuwala. Aliwakamata horini mwishoni mwa mwaka jana, mafuta yakiwa bado majini, akawazalisha katika maji safi. Wale wa kwanza fundi wa pampu amewapa jina la Bibi, na watoto wao Mama. Kwa kuwa Mama aliwahi kuwa yai tumboni mwa Bibi wakati Bibi anaogelea katika mafuta, Mama si shahidi huru. Mjukuu ndiye shahidi. Hao wajukuu wanaanza kutagwa wiki hii, na kazi yangu ni kuandika wakoje.

Chumba cha pili kina ukoo wa nje, waliotolewa bahari kuu ambako mafuta hayakufika. Wao ni wa kulinganisha.

Nikauliza kwa nini wasiende kukamata wengine horini ili ushahidi uwe mwingi. Mwanangu alisema wavu umetupwa mara kumi na mbili mwaka huu na haukuleta hata mmoja. Walio katika vioo ndio wote waliosalia.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Mvua. Nimejifunza hadubini. Jicho la kushoto halifai.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Niandike utaratibu, kwa kuwa nimeuelewa sasa. Samaki hawa hutaga mwanga unapobadilika. Ili maji ya chumba kimoja yasifuatane na mikono hadi kingine, ukoo wa nje hukusanywa mayai asubuhi na ukoo wa hori jioni, nikisha kusali magharibi. Kila yai huachwa siku mbili, pungufu ya saa chache si kitu, kisha husomwa. Kabla ya siku mbili moyo haujajikunja, na yai la siku moja huonekana lina kasoro hata kama halina. Mwanangu amerudia kuniambia jambo hili mara tatu, nami sikuudhika, maana hivyo ndivyo nilivyofundisha watoto matamshi.

Baraza halitaki kompyuta. Linataka daftari la mkono, lenye kurasa zilizopigwa namba na muhuri. Fundi wa pampu huandika karatasi ya maji, joto na chumvi. Mimi naandika mayai.

Fundi huyu watu humwita Mapovu, kwa sababu hupima uzima wa tangi kwa kutazama mapovu yake. Ni mtu wa maneno mengi. Asubuhi aliniambia: "Maalim, ukiona samaki amelala chali usimsomee. Mwite Mapovu kwanza."

Sikucheka. Sidhani kama kazi hii inafaa mtu wa mzaha.

Usiku wa Jumanne, tarehe 12 Machi, baada ya magharibi

Leo nimeona moyo.

Yai ni angavu mithili ya tone la maji, na ndani yake kiinitete kimejiviringisha. Wa ukoo wa nje niliowasoma asubuhi walikuwa na moyo uliojikunja kama kiwiko, vyumba viwili, kimoja kikipokea na kingine kikitoa, bila kukosea. Nilisema Subhana Llah kwa sauti, na mwanangu akatabasamu bila kuinua uso.

Alasiri nilisoma wajukuu wa hori. Wa kwanza alikuwa mzima. Wa pili pia. Wa tatu moyo wake ulikuwa uzi. Haukujikunja popote, ulinyooka kutoka upande huu hadi ule ukitetemeka, na damu ikienda mbele na kurudi nyuma kama mtu aliyesahau alichotumwa. Kifua kilikuwa kimejaa maji. Mgongo ulipinda kuelekea tumboni.

Nilinyanyua uso nikauliza, "Huyu maji machafu aliyaonja wapi?"

"Hakuyaonja."

"Na mama yake?"

"Kazaliwa kwenye tangi hilo hapo, Baba mkubwa. Kazaliwa kwenye maji unayoweza kutilia udhu."

Katika mayai mia ya hori, thelathini na wanne ni wa namna hiyo. Katika mia ya nje, watatu.

Alhamisi, tarehe 14 Machi

Thelathini na mmoja. Wawili.

Jumatatu, tarehe 18 Machi

Thelathini na saba. Watatu. Mvua imeharibu njia ya nyuma, nimevua viatu.

Jumamosi, tarehe 23 Machi

Umeme ulikatika tangu asubuhi. Pampu zilinyamaza, na jenereta ilikuwa na maji katika kabureta. Mapovu alipiga magoti baina ya matangi ya hori, mkononi ana pampu ya baiskeli, akawa anapuliza hewa kwa mkono, tangi hadi tangi, kwa muda wa saa nne. Nilipompa maji ya kunywa hakuyapokea. Midomo yake ilikuwa inasema kitu. Nikadhani anasali, nikainama nisikie. Alikuwa anawatania samaki: "Mama, usinifie leo, mke wangu atasema nimekuua makusudi. Vuta, vuta."

Hakufa hata mmoja. Jenereta ilipowaka alikaa sakafuni akalia kidogo, kisha akanung'unika kuwa jasho limemwingia machoni. Nimwombe radhi moyoni kwa niliyoandika tarehe nane.

Jumatano, tarehe 3 Aprili

Mke wangu ameniuliza kama samaki wa sokoni ni salama. Nimemjibu kuwa sijui. Akasema, "Mwezi mzima unachungulia mayai halafu hujui?" Akapika dengu.

Jumanne, tarehe 9 Aprili

Nimemuuliza mwanangu kinachoharibika hasa. Alichukua karatasi akachora ngazi iliyosokotwa. Akasema kila kiumbe kina maandishi marefu mno ndani ya kila chembe yake, na mtoto hunakili kwa wazazi. Mafuta yana vitu vinavyojibandika katika maandishi hayo vikayakata, au vikayafunga yasisomeke. Kiumbe hujitahidi kusahihisha, lakini mara nyingine husahihisha vibaya, kisha anayenakili hunakili na kosa.

Nilimwambia: "Hilo nalijua. Nimenakili misahafu tangu nikiwa kijana. Msomaji anapokuta kosa katika nakala, hurejea nakala mama."

Alionyesha ile ngazi aliyoichora. "Hapa nakala mama ndiyo iliyoharibika, Baba mkubwa. Hakuna pa kurejea."

Nilidhani hapo mwanzo kuwa binti huyu ana moyo mkavu. Hazungumzi na samaki wake, hawaiti majina, na maiti zao huzipasua bila kukunja uso. Leo nimeona kuwa amejizuia, kama mganga anavyojizuia mbele ya ndugu wa mgonjwa.

Ijumaa, tarehe 19 Aprili

Arobaini. Watatu. Maji ya mvua yameteremsha utando wa rangirangi hadi mlangoni mwa kituo.

Alhamisi, tarehe 2 Mei

Wajukuu waliosalimika wamekua na wametaga. Mapovu ameandika Vitukuu katika kioo kipya, kwa chaki. "Ukoo umepata kitukuu, Maalim, na hakuna aliyeleta zawadi," alisema. Tumecheka wote watatu. Ilikuwa siku njema kuliko zote kazini hapa.

Usiku wa Jumapili, tarehe 5 Mei, baada ya magharibi

Vitukuu mia moja wamesomwa alasiri. Hamsini na wanane mioyo yao ni uzi.

Tulitazamia ipungue. Hata mwanangu, ingawa hakusema, alitazamia ipungue. Niliona alivyovuta kiti. Wazazi wa hawa walikuwa wazima machoni, wenye mioyo iliyojikunja barabara, nami niliwaandika mwenyewe kuwa ni wazima. Kumbe walibeba wasichokionyesha. Mwanangu alisoma upya mayai yote mia, akapata hesabu yangu ile ile, akafunika hadubini kwa foronya.

"Hii inatosha kufunga bomba," alisema.

Mapovu akauliza, "Na hawa nao?"

Alikwenda sinkini kuosha mikono.

Jumatatu, tarehe 13 Mei

Sitini. Wawili.

Jumanne, tarehe 28 Mei

Naandika polepole ili nisijidanganye.

Leo mchana Mapovu alikuwa anapanga karatasi zake za maji kando ya daftari langu, kwa kuwa vyote viwili vitapelekwa barazani wiki ijayo. Akacheka. "Maalim, kumbe wewe unaishi kesho! Mimi nimepima maji ya jioni Jumatatu, wewe mayai ya jioni hiyo hiyo umeyakusanya Jumanne."

Nikamwambia kuwa jua likizama Jumatatu, Jumanne imekwisha kuingia. Usiku hutangulia mchana wake. Nimefundishwa hivyo kabla ya kuota meno ya pili, nimefundisha hivyo wanafunzi wasiohesabika, na kalamu yangu haijawahi kuandika vingine. Daftari hili la faragha nalo limejaa tarehe za namna hiyo.

Mwanangu alikuwa mlangoni. Alikuja, akalichukua daftari la kituo, akafungua ukurasa baada ya ukurasa kwa kidole kimoja.

Nimeelewa kabla hajafungua kinywa. Mayai ya hori yaliyokusanywa Jumatatu baada ya magharibi, mimi nimeyaandika Jumanne. Yamesomwa Jumatano alasiri, jua halijazama, nami nimeandika Jumatano. Kwa hiyo daftari linasema yalisomwa baada ya siku moja. Mayai ya ukoo wa nje, yaliyokusanywa asubuhi na kusomwa asubuhi, yana siku mbili kamili. Mtu akisoma nilivyoandika atasema tumewachungulia wa hori kabla mioyo yao haijajikunja, kisha tukashangaa kuwa haijajikunja.

Mistari sitini na mmoja. Sikukosa hata mmoja. Nimekosea yote kwa uangalifu mkubwa.

"Mapovu, toka kidogo," alisema mwanangu.

Mapovu alitoka. Hakuwa anacheka tena.

"Daftari tupu lenye muhuri liko moja kabatini," alinieleza. "Kurasa ni zile zile. Una siku saba. Linakili upya, tarehe zikiwa sawa."

"Na hili?"

"Hili hatukuliandika."

"Mwanangu, tumeliandika."

"Baba mkubwa, nisikilize. Kila yai limesomwa kwa siku mbili. Wewe unajua, mimi najua, Mungu anajua. Sikuombi uandike uongo. Nakuomba uandike kilichotokea!"

"Unaniomba niseme kuwa niliandika Machi nilichoandika Mei."

Alikaa kitini, akashika kichwa. Aliponiinulia uso nilimwona mdogo wangu ndani yake, jinsi alivyokuwa akinitazama tukiwa watoto, anaponitaka nimtetee kwa baba naye ana haki. "Wale ndio wa mwisho," alisema. "Siwezi kuanza tena. Bibi wamekufa wote, Mama hawatagi tena, na siku saba hazitoshi kukusanya upya. Horini hakuna kitu. Ukikataa, sina ushahidi mwingine wa kupeleka."

Nimemwomba anipe hadi kesho.

Jumatano, tarehe 29 Mei

Nimesali, nimesoma, nimelala, nimesali. Mke wangu aliniuliza, nikamsimulia yote. Alifikiri huku akikunja nguo. "Ningekuwa mimi ningenakili," alisema. "Halafu ningeomba toba. Lakini wewe huwezi, na yeye alikuchagua kwa sababu huwezi. Basi msiumane."

Mwalimu wangu wa hati alinifundisha kuwa kosa halifutwi. Hupigwa mstari mmoja mwembamba unaoliacha lisomeke, na usahihi huandikwa pembezoni pamoja na jina la aliyesahihisha na siku aliyosahihisha. Hivyo ndivyo nitakavyofanya. Mwenye kusoma ataona kosa, ataona sababu, ataona ukweli. Sijui namna nyingine ya kuwa mkweli kwa kalamu.

Nilimweleza mwanangu. Alisema, "Utawapa kisu, Baba mkubwa, kikiwa kimenolewa." Kisha akasema, "Fanya." Akaingia chumba cha vitukuu akafunga mlango.

Alhamisi, tarehe 30 Mei

Nimemaliza masahihisho sitini na moja. Mkono unauma. Kila moja lina jina langu na tarehe ya leo au ya jana.

Jumatano, tarehe 12 Juni

Baraza liliketi katika ukumbi wa halmashauri, dirisha moja likiwa halina kioo, na mvua ikinyunyiza viti vya nyuma. Mwenyekiti ni mtu wa makamo mwenye mafua. Wakili wa bohari ni mwanamke wa sauti ya taratibu, hakuwahi kuipandisha. Msimamizi wa bohari, ambaye nilikuwa sijamwona kwa karibu, alikaa mstari wa pili akivuta tasbihi.

Mwanangu alieleza saa nzima. Alieleza vizuri hata nikaona wajumbe wawili wameacha simu zao. Alimaliza kwa vitukuu. Kisha nikaitwa, nikaapa.

Wakili aliniamkia kwa heshima. "Shikamoo, mzee. Hati yako ni nzuri sana. Masahihisho haya ya pembezoni, uliyaandika lini?"

"Tarehe 29 na 30 Mei."

"Baada ya mayai kwisha kusomwa?"

"Ndiyo."

"Na yote sitini na moja yanaurudisha ukusanyaji nyuma siku moja?"

"Ndiyo, kwa kuwa siku huingia jua linapozama."

Mwenyekiti alipenga kamasi. "Mzee, hilo hata mimi nimefundishwa nyumbani. Lakini siku ya serikali huingia saa sita ya usiku. Sasa hapa nifuate Jumatatu yako au Jumatatu yangu?" Watu walicheka. Sina kinyongo nao. Lilikuwa swali la haki.

Nilisema karatasi za maji zinathibitisha. Wakili akazishika. "Hizi zimeandikwa na fundi wa kituo. Hizi zinaonyesha maji yalipimwa lini. Yai lilitolewa lini, anayejua ni wewe tu, na wewe umeandika siku mbili tofauti. Mkuu wa kituo ni nani kwako?"

"Ni mwanangu. Binti wa mdogo wangu."

"Kuna mtu yeyote aliyewahi kukuomba uliandike upya daftari hili?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali mengi. Hili sikulitarajia. Nilimtazama mwanangu. Hakuinamisha macho, wala hakuniashiria lolote. Alinitazama tu, kama anavyotazama kioo anapongoja yai litaonyesha nini. Niliona wazi kabisa njia ya kupita: niseme sielewi swali, niseme sikumbuki. Uzee wangu ulikuwa umenifungulia mlango, na kila mtu ukumbini angenipisha.

"Ndiyo," nilisema.

"Nani?"

"Mkuu wa kituo."

"Ahsante, mzee. Sina zaidi."

Niliomba kuongeza kuwa nilikataa, na kuwa alichotaka kiandikwe ndicho kilichotokea. Mwenyekiti aliniruhusu. Niliyasema yote mawili. Katibu aliandika, lakini kalamu yake ilikuwa imekwisha kupunguza mwendo, nami najua kalamu.

Alhamisi, tarehe 20 Juni

Uamuzi umetoka. Daftari la kituo halitategemewa, kwa kuwa lina tarehe mbili kwa kila yai, na kwa kuwa mkuu wa kituo alijaribu kulibadili. Hakuna ushahidi kuwa madhara yameingia katika kizazi. Bomba limepewa kibali cha miaka ishirini. Mwanangu amesimamishwa kazi. Kituo kifungwe kabla ya mwisho wa mwezi, na viumbe vilivyomo viondolewe.

Mwenyekiti ameongeza maneno ya kunisifu. Sitayanakili.

Ijumaa, tarehe 21 Juni

Nilikwenda kituoni nikamkuta anafunga vitabu katika maboksi. Nilimsalimu, akaitikia kwa adabu.

"Ungesema hukumbuki," alisema, akiwa amenipa mgongo. "Una miaka sabini na mmoja. Nani angekulaumu?"

"Nakumbuka, mwanangu."

"Najua." Akafunga boksi kwa gundi. "Miaka miwili nimewaambia watu tatizo ni sumu. Kumbe ningetafuta tu mwandishi mbaya."

Sikujua kama ni mzaha. Sasa naandika nikijua kuwa haukuwa.

Jumatatu, tarehe 24 Juni

Vilembwe wametagwa, watoto wa vitukuu. Hakuna aliyenituma kuwasoma. Nimewasoma. Katika mia, themanini na watatu. Sikuwa na daftari la kuwaandikia, nimewaandika hapa.

Jumatano, tarehe 26 Juni

Leo tumewaua.

Mapovu alipendekeza wa hori tuwaachie baharini kama wa nje. "Wafie kwao," alisema. Mwanangu alikataa. Wachache walio wazima machoni wangezaana na ukoo wa nje na kuwapelekea kile walichobeba, na bahari kuu ingeanza kuwa kama hori. Hakukuwa na hoja ya kumjibu. Kumbe hata huruma tumenyang'anywa.

Njia yenyewe ni mafuta ya karafuu. Matone kadhaa huchanganywa na maji ya vuguvugu, humiminwa tangini, na samaki husinzia, hupoteza msimamo, kisha husimama kupumua. Chumba kilinukia vizuri. Hilo nililiona baya kuliko yote.

Tulianza na Mama waliozeeka, tukafuata wajukuu, tukafuata vitukuu. Vilembwe walikuwa bado mayaini, tukawaweka mwisho. Mapovu alizima pampu za kila tangi lilipotulia, na kila alipozima, chumba kilipungua sauti, hadi tukasikia mvua. Hakutania. Nilitamani atanie.

Tulipofika tangi la mwisho mwanangu alinigeukia. "Baba mkubwa, wasomee kitu."

Nimezika watu wengi. Nina dua ya mtoto, ya mgeni, ya aliyekufa maji, ya asiyejulikana. Nilisimama na mikono wazi, nikatafuta, nikakosa. Ukoo mzima ulikuwa unalala mbele yangu, na hapana dua niliyofundishwa kwa ajili ya hilo. Mwisho nilisema, "Hawa hawakutenda kosa." Mwanangu akamimina.

Aliondoka bila kuniaga. Anakwenda kwa mama yake, mji mwingine. Mapovu ameajiriwa bohari, kitengo cha pampu. Aliniambia akitazama viatu vyake, nami nikamwambia kuwa watoto hula kila siku.

Sijutii kusema kweli. Nimejichunguza leo mchana kutwa, nikitafuta mahali pa kujuta ili nipate pia mahali pa kuomba msamaha, na sikupata. Nimebaki na kitendo ambacho siwezi kukitubia wala kukifurahia.

Ijumaa, tarehe 28 Juni

Mvua imekatika. Horini maji yanang'aa, na wageni wanaopita juu ya daraja husimama kuyapiga picha.

Baada ya sala ya Ijumaa nilikuwa nikivaa viatu mtu akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Alikuwa msimamizi wa bohari. Macho yake yalikuwa na machozi, na sikuona unafiki ndani yake, ningependa kuuona.

"Maalim," alisema, "siku ile niliogopa. Nilijua ukitamka neno moja tu la uongo, tumekwisha. Ukasema kweli dhidi ya damu yako mwenyewe. Nimewasimulia wanangu wote. Mwenyezi Mungu akuzidishie, na atupe sisi na vizazi vyetu wazee mfano wako."

Watu waliotuzunguka walisimama, wakingoja niitikie, kwa kuwa dua ilikuwa njema na aliyeombewa ni mimi.

Nikasema amina.